Kilwa Kisiwani: Kisiwa Kilichokaa Mwisho wa Upepo

Msomaji mmoja anayefundisha historia katika shule ya sekondari ameniandikia baada ya kuwapeleka wanafunzi wake Kilwa Kisiwani. Anasema walivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwa muda mfupi tu, wakaona magofu yaliyosimama kati ya minazi, mibuyu na nyumba za udongo za wavuvi, na mwanafunzi mmoja akamwuliza swali ambalo hakuweza kulijibu papo hapo: kisiwa hiki hakina mto, hakina dhahabu wala ndovu, na udongo wake ni haba juu ya mwamba, kiliwezaje basi kuwa mji uliotawala biashara ya pwani, na kwa nini utajiri ule ukaondoka? Mwalimu ameongeza la kwake: je, ni kweli kwamba mji huo ulijengwa na Washirazi, yaani watu waliotoka Shirazi, Uajemi?

Ndugu mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza vizuri kuliko vitabu vingi vya kiada, ambavyo huanza na orodha ya masultani na kumwacha msomaji bila kujua kwa nini masultani hao walichagua kukaa pale. Jibu langu ni kwamba utajiri wa Kilwa haukuchimbwa ardhini, bali ulitokana na pepo za msimu pamoja na umbo la bandari yake. Kilwa ilikaa mahali ambapo safari ya mwaka mmoja ilikuwa inakwisha na safari nyingine, ngumu zaidi, ilikuwa inaanza. Na mtu aliyekaa hapo aliweza kuwauzia wa kaskazini mali ya kusini bila mmoja kukutana na mwenzake.

Tuanze na mahali penyewe. Kilwa Kisiwani iko takriban digrii 9 kusini mwa ikweta, kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, katika mkoa wa Lindi. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale ulioinuka kidogo tu juu ya bahari, nacho kimekaa mdomoni mwa ghuba yenye matawi marefu yanayoingia bara. Matawi hayo ni mabonde ya mito ya zamani yaliyozama bahari ilipopanda baada ya zama za barafu, na ndiyo maana bandari ina kina kikubwa karibu kabisa na nchi kavu, jambo lisilo la kawaida katika pwani yetu ambayo sehemu kubwa ina miamba na mafungu ya mchanga. Upande wa kusini wake viko visiwa vya Sanje ya Kati na Songo Mnara, na baina yao kuna vijito vya maji ya chumvi na misitu ya mikoko. Nahodha aliyetoka bahari kuu alipata hapo maji ya kina, kinga dhidi ya mawimbi, ufuko wa kupwelezea chombo ili kukitia kalafati, yaani kuziba nyufa zake, boriti za mikoko kwa ajili ya ujenzi, na visima vya maji ya kunywa. Mji ulijengwa upande wa kaskazini-magharibi, unaotazamana na bara, wala haukuhitaji eneo kubwa. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika msafara wa Wareno wa mwaka 1505, alikadiria kwamba mji na kisiwa vilikuwa na watu 4,000, na akaandika juu ya nyumba za mawe na chokaa na juu ya pamba iliyolimwa kisiwani. Kwa hiyo wanafunzi wako wasifikirie jiji la malaki ya watu.

Sasa tuje kwenye pepo, ambazo ndizo kiini cha jibu. Kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, huanza kuvuma mnamo Novemba au Desemba na kuendelea hadi Machi. Kusi, upepo utokao kusini, huanza Aprili, hukaza katikati ya mwaka kiasi cha kuvifungia vyombo bandarini, kisha hulegea Agosti na Septemba. Chombo kilichotoka Aden, Hormuz au Gujarati kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza na kununua, na kurudi kwao kwa kusi ya mwaka uleule. Lakini dhahabu haikuwa Kilwa. Ilikuwa ikishuka kutoka nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Zimbabwe hadi Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, na ukishapita Rasi ya Delgado kwenda kusini pepo hazina tena utaratibu uleule wa kutegemewa. Mfanyabiashara wa mbali aliyetaka kufika Sofala mwenyewe alipaswa kukubali kukaa ugenini msimu wa pili, mtaji wake ukiwa umelala. Mtu wa Kilwa hakuwa na tatizo hilo, kwa kuwa nyumbani kwake kulikuwa katikati ya njia: alikwenda Sofala kwa wakati wake, akarudi na dhahabu na pembe, akaziweka ghalani, na kaskazi ilipoleta vyombo vyenye nguo, shanga na vyombo vya kauri vya China, bei aliipanga yeye.

Kuna kisa kuhusu jambo hili kilichoandikwa na mwanahistoria Mreno João de Barros katika karne ya 16, akitegemea tarehe ya Kilwa, yaani historia yake iliyoandikwa, iliyowafikia Wareno. Anasema mvuvi mmoja wa Kilwa alinasa samaki mkubwa aliyeivuta mashua yake, na mkondo wa bahari ukamchukua mpaka Sofala, ambako aliwakuta watu wa Mogadishu wakinunua dhahabu. Aliporudi akampa sultani habari, na Kilwa ikaingia katika biashara hiyo na hatimaye kuitwaa. Mimi sidai kwamba samaki huyo aliwahi kuogelea, lakini kisa kimehifadhi kumbukumbu mbili za thamani: kwamba Kilwa haikuwa ya kwanza Sofala, na kwamba mkondo wa bahari, ambao kusini ya Rasi ya Delgado huelekea kusini, ulikuwa jambo ambalo wavuvi walilijua kabla ya masultani.

Kilele cha utajiri huo kilikuwa mwanzoni mwa karne ya 14, chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ndiye aliyejenga Husuni Kubwa juu ya jabali mashariki ya mji: jumba lenye vyumba zaidi ya 100, kiwanja cha mapokezi, birika la kuogea lenye pande nane, na upande wa kusini ua mkubwa uliozungukwa na maghala. Napenda sana wageni watazame ua huo wa maghala kabla ya birika, ingawa birika ndilo linalopigwa picha, kwa sababu ua unaonyesha kwamba sultani na mfanyabiashara mkuu walikuwa mtu mmoja. Jumba halikumalizika, wala halikukaliwa kwa muda mrefu. Zama hizo pia Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya tangu karne ya 11, uliongezwa ukumbi mpana wa nguzo na kuba. Baadaye sehemu hiyo iliporomoka, na matao na nguzo tunazoziona leo ni za ujenzi mpya wa karne ya 15. Kazi yote hiyo ilifanywa kwa vitu vya pale pale. Mawe ya kuta yalitoka katika mwamba wa kisiwa, chokaa ilitoka katika matumbawe yaliyochomwa, na nakshi za kibla na za miimo ya milango zilichongwa katika matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi, kabla hayajakauka na kuwa magumu.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika mwaka 1331 akakutana na sultani huyohuyo. Aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri, akasema watu wake wengi ni weusi sana wenye chale usoni, na kwamba walifuata madhehebu ya Shafii. Anasimulia pia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimzuia sultani njiani baada ya sala ya Ijumaa akaomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua na kumpa. Mwana wa sultani alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na sultani, aliposikia watu walivyokisifu kitendo chake, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya ukarimu tu. Ningependa wanafunzi wako waone pia kile kilichotumika kama zawadi, kwa kuwa watumwa ishirini waliotajwa hapo bila majina walikuwa watu, na ukarimu wa Abu al-Mawahib ulipitia katika maisha yao. Jambo jingine: Ibn Battuta anasema nyumba za Kilwa zilikuwa za mbao, wakati sisi tunaona mawe. Nyumba za mawe zilikuwa za wachache, na mji wa wengi, wa miti, udongo na makuti, haukuacha kuta za kutuonyesha leo. Nyumba za wavuvi ambazo wanafunzi wako walizipita njiani kuelekea magofuni ni mwendelezo wa Kilwa hiyo ya wengi, nayo ina haki ya kuitwa Kilwa sawasawa na ile ya kuba.

Ushahidi wa jinsi biashara hiyo ilivyofika mbali umo katika sarafu. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na kitu kinachonifurahisha kila nizitazamapo ni kwamba upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Sarafu moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe katika nchi ile ya dhahabu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na sarafu za Kiholanzi za zama za baadaye. Hizo zisiwapeleke wanafunzi kwenye ndoto za mabaharia wa Kilwa kugundua Australia, kwa sababu sarafu huweza kusafiri mikononi mwa watu wengi kwa karne kadhaa.

Sasa swali lako mwenyewe, la Washirazi. Tarehe ya Kilwa tunayo kwa Kiarabu, katika nakala iliyotengenezwa Unguja mwaka 1877, na tunayo pia kwa Kireno katika maandishi ya de Barros. Nakala ya Kiarabu inasema Ali bin al-Hasan, mmoja wa watu waliotoka Shirazi kwa merikebu saba, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Iko pia simulizi ya Kiswahili iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907, ambayo ina jambo ambalo maandishi ya Kiarabu hayana: inamtaja kwa jina mwenye kisiwa, Mzee Mrimba, na inasema mgeni alimwoa binti yake kabla ya kukitaka kisiwa. Masimulizi hayo mawili, la Kiarabu na la Kiswahili, yanakutana mahali pamoja pa ajabu. Yote mawili yanasema kwamba wakati huo maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Kwamba mwenye kisiwa, akiwa amekwisha kuhamia ng'ambo, alikusudia kurudi kwa vita. Na kwamba mgeni alimzuia, katika moja kwa kuchimba mkondo, katika lingine kwa kusoma Kurani mpaka maji yasipwe tena pale. Mimi nayachukua hayo kama maelezo ya watu waliojua kwamba usalama wao ulitegemea kupwa na kujaa kwa maji, na waliokumbuka pia kwamba kisiwa kilikuwa na wenyewe.

Wachimbuaji wa mambo ya kale nao wanakubali kwamba kilikuwa na wenyewe. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka kadhaa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, alikuta chini kabisa ya mji wa mawe mabaki ya kijiji cha nyumba za miti na udongo cha tangu karne ya 9 hivi, ambacho watu wake walikula samaki na kombe, walifua chuma, walitengeneza shanga za makombe na kufinyanga vyungu vya aina ileile iliyoenea pwani na bara. Mji wa mawe ulikua juu ya kijiji hicho bila kukatiza maisha yake. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, vikiwemo Kilwa na Songo Mnara, ukaonyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa kike, na asili ya Uajemi kwa upande wa kiume, mchanganyiko ulioanza mnamo mwaka 1000. Kwa hiyo wazee waliosema kwamba damu ya Shirazi ipo hawakutunga, na simulizi ya Mrimba iliyosema kwamba mgeni alioa kwa mwenyeji ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko vitabu vya kikoloni vilivyodai kwamba Waajemi walileta mji mzima merikebuni. Lugha ya mji ilikuwa ya Kibantu, na wajenzi walikuwa wa hapa. Mfundishe hivyo mwanafunzi wako bila kusitasita.

Kuhusu kuanguka, huwa tunawabebesha Wareno mzigo wote, nao wanastahili sehemu kubwa. Pedro Álvares Cabral alifika mwaka 1500. Vasco da Gama akarudi mwaka 1502 na kumlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi kwa dhahabu. Na Julai 1505 Francisco de Almeida akaushambulia mji, watu wake wakaupora, akamtawaza Muhammad Ankoni na kujenga ngome ambayo Wareno wenyewe waliiacha mwaka 1512. Dhahabu ile ya kodi bado ipo. Mwaka 1506 ilifanywa chombo cha ibada cha kanisa kwa amri ya mfalme wa Ureno, nacho kimewekwa katika makumbusho ya Lisbon hadi leo. Najua ni kitu kizuri cha kutazama, lakini kila nikiiona picha yake nafikiria mikono iliyoichimba dhahabu ile na bandari iliyoinyang'anywa.

Hata hivyo Wareno waliukuta mji ukiwa tayari umedhoofika. Katika karne ya 15 Great Zimbabwe ilipungua nguvu na dola la Mutapa likainuka kaskazini yake, karibu na Zambezi, hivyo dhahabu ikaanza kutafuta njia nyingine na bandari nyingine badala ya Sofala. Ndani ya Kilwa kwenyewe maamiri na mawaziri walikuwa wakiweka na kuondoa masultani, na huyo Amiri Ibrahim aliyekutana na Wareno alikuwa mmoja wa waliotwaa madaraka kwa njia hiyo. Mji ulioishi kwa kukaa kati ya dhahabu na pepo ulipoteza upande mmoja wa mizani, na Wareno walipoishika Sofala mwaka 1505 ukapoteza kilichosalia. Mwaka 1587 wakaja Wazimba kutoka bara, wakauingia mji na kuwaua watu wengi.

Kilwa haikufa hapo, ingawa vitabu vingi huishia hapo. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa Goa, India, huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Katika karne ya 18 mji ulipata tena fedha, lakini kwa njia ya kusikitisha: tarehe 14 Septemba 1776 sultani alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta (sarafu za fedha) 20 kila mmoja, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Waomani wakaishika Kilwa katika miaka ya 1780, wakalijenga upya Gereza, yaani ile ngome iliyo ufukweni, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho akapelekwa uhamishoni Maskati. Wakati huo misafara ya watumwa na pembe kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa inashukia Kilwa Kivinje, bandari ya bara iliyo kaskazini zaidi, na kisiwa kikabaki na wavuvi na wakulima wake. Ukitaka kusoma habari za utumwa wa karne ya 19 au za kunyongwa kwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wa Wajerumani, mwaka 1895, wapeleke wanafunzi Kivinje, maana ndiko yalikotokea, na watu wengi huzichanganya Kilwa hizi mbili.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuimarisha kuta, kuzuia mmomonyoko wa ufuko na kupanda mikoko. Bahari ndiyo adui wa sasa, hasa kwenye Gereza na kuta za jumba la Makutani zilizo karibu na maji, na kila mkoko unaokatwa upande ule ni jiwe linalotolewa katika ukuta.

Mkienda tena, nakushauri msianzie Gerezani kama wageni wengi wafanyavyo. Mpitie kwanza kijijini, muwasalimu wazee na kusikiliza habari zao, kisha Msikiti Mkuu, na Husuni Kubwa iwe ya mwisho, ambako ngazi za kale hushuka kutoka jabalini kuelekea majini. Chagueni siku za bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na kabla ya kurudi Masoko mwombe nahodha awazungushe upande wa mikoko maji yakiwa yamepwa kabisa, ili yule mwanafunzi aliyeuliza swali aione kwa macho yake ile nchi inayojitokeza na kufunikwa tena, ambayo Mzee Mrimba alitaka kuivuka.